MITISHAMBA YA KARIAKOO: Ipimwe maabara au iendelee kupimwa migongoni mwetu?

JINA la Kariakoo lenyewe limezaliwa na maumivu. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, hapa ndipo walipowaweka wapagazi wao, kile kikosi walichokiita Carrier Corps. Mdomo wa Mswahili ukaligeuza jina likawa Kariakoo. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walikufa katika vita ile wakiwa wamebeba risasi na unga wa wakubwa, kwa ugomvi usiowahusu.

Vita iliisha mwaka 1918. Mzigo haukuisha.

Pita leo Mtaa wa Kongo, pita Msimbazi, Mkunguni na Tandamti. Utamwona kijana ana gunia mgongoni, shingo imelala upande. Utamwona mzee anasukuma mkokoteni wa matairi mawili, jasho linamtoka kama maji. Utamwona mama lishe aliyeinama juu ya sufuria tangu alfajiri. Ikifika jioni wote hao wana neno moja: mgongo, kiuno, magoti.

Na wote hao wana njia mbili tu. Ya kwanza ni duka la dawa, ambako atauziwa vidonge vya diklofenaki bila kuulizwa kama ana vidonda vya tumbo. Ya pili ni meza ya mitishamba, ambako magome, mizizi na unga wa kila rangi vimepangwa, na muuzaji anaapa kwamba chupa moja tu itamaliza kazi.

Tunataka kusema juu ya njia hiyo ya pili. Na tunasema mapema ili tusieleweke vibaya: hatuandiki kuwakejeli waganga. Kuna wasomi wetu wakishavaa tai huona kila mzizi ni ushirikina. Hao hatumo nao. Wala hatuandiki kuwapigia debe waganga. Tunauliza swali moja tu la mlalahoi, na tunataka lijibiwe: hii dawa anayoinywa imepimwa na nani?

MTI SI USHIRIKINA

Hebu tuanze na ukweli ambao hata profesa hawezi kuupinga. Dawa kubwa za maumivu duniani zimetoka kwenye miti.

Aspirini unayoinunua dukani ina babu yake kwenye magome ya mti uitwao mwilo huko Ulaya. Wakulima wa huko walikuwa wakitafuna au kuchemsha magome hayo kwa homa na maumivu, kama sisi tunavyofanya na ya kwetu. Mwaka 1897 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikatengeneza dawa safi kutokana na elimu hiyo, ikaiuza dunia nzima. Lakini jinsi inavyozuia maumivu na uvimbe haikujulikana mpaka mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alipoeleza kwamba inauzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe, joto na maumivu. Mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Nobel.

Pilipili je? Ile ile kali inayouzwa kwa fungu hapa Kariakoo? David Julius wa Marekani alichukua ule ukali wake, unaoitwa kapsaisini, akautumia kutafuta mlango wa maumivu kwenye mishipa ya fahamu. Akaupata. Mwaka 2021 naye akapewa Nobel. Leo kuna krimu za pilipili za kupaka kwenye magoti, na zinauzwa kwa fedha nzuri huko majuu.

Manjano nayo? Wataalamu wa Thailand waliwachukua wagonjwa 367 wenye magoti yaliyochakaa. Wengine wakapewa vidonge vya manjano yaliyokamuliwa kitaalamu, gramu moja na nusu kwa siku. Wengine wakapewa ibuprofeni. Baada ya wiki nne, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa nafuu ilikuwa karibu sawa, na waliokunywa manjano walilalamikia tumbo kidogo kuliko wenzao. Tangawizi nayo ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa wa magoti, matokeo yakatoka mwaka 2001: ilisaidia, ingawa kwa kiasi cha wastani tu.

Angalia tofauti, ndugu msomaji. Wenzetu hawakusema "inatibu maradhi arobaini." Walisema inasaidia goti, kwa kiasi hiki, kwa wiki hizi, na ina hasara hizi. Hiyo ndiyo faida ya kupima. Kipimo humnyamazisha anayebeza, na humnyamazisha pia anayetia chumvi.

KUPIMA NI NINI HASA?

Wananchi wengi wanadhani kupima dawa ni kuiweka kwenye mashine ikalia "ndiyo" au "hapana." Sivyo. Tueleze kidogo ili wakubwa wasitupige changa la macho.

Kwanza unautambua mti. Jina moja la Kiswahili linaweza kubeba miti miwili au mitatu, Pwani huu na Morogoro ule. Gome likishasagwa likawa unga, hata aliyelichuma anaweza kukosea. Kwa hiyo tawi lenye majani na maua hukaushwa na kutunzwa, ili mwakani mtu mwingine ajue ni mti gani uliozungumziwa.

Pili unakamua. Hapa ndipo penye mchezo. Mganga wetu huchemsha kwa maji. Maabara nyingi hukamua kwa spiriti na kemikali nyingine, ambazo huvuta vitu ambavyo maji hayavivuti. Matokeo yake, kinachosifiwa kwenye jarida la wasomi si kile anachokunywa mpagazi wa Kariakoo! Mti ni mmoja, dawa ni mbili. Anayetaka kumsaidia mnywaji lazima akipime kikombe kile kile, kwa maji yale yale na kwa muda ule ule wa kuchemsha.

Tatu unapima sumu. Muhimbili wametumia sana kamba wadogo wa maji ya chumvi: unawatia kwenye dawa, unahesabu wangapi wamekufa. Ni kipimo rahisi cha kuanzia. Kisha wanafuata panya, na ini na figo zao huangaliwa.

Nne ndiyo unapima maumivu na uvimbe. Panya hupewa dawa. Baadaye huchomwa sindano ndogo ya karajinani kwenye unyayo, nao huvimba. Unyayo hupimwa kila saa kwa saa kadhaa. Kundi jingine la panya hupewa maji matupu, na kundi la tatu hupewa dawa ya hospitali inayojulikana. Kama waliokunywa mti wamevimba kidogo kuliko waliokunywa maji, hapo kuna jambo. Kama wamekaribia wale wa dawa ya hospitali, hapo kuna jambo kubwa. Kwa maumivu, panya wadogo huwekwa juu ya bamba la moto la nyuzi 55 hivi, na huhesabiwa sekunde ngapi zinapita kabla hawajalamba nyayo au kuruka.

Tano, na hili wengi huliruka, ni binadamu. Panya akipona si lazima Juma apone. Mpaka wagonjwa wenyewe wapewe, walinganishwe na wenzao, na waandikwe, kazi haijaisha.

Na kabla hatujaendelea, jambo moja la kuchoma moyo. Hiyo karajinani ya kuvimbisha panya hutoka kwenye mwani. Tangu mwaka 1989 akina mama wa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya Zanzibar wanalima mwani wenye karajinani, wanasimama kwenye maji ya chumvi mpaka migongo inapinda, na mwani unapelekwa nje kwa bei ya kutupa. Unga ukishasagwa huko hurudi kwetu ndani ya chupa ndogo yenye lebo ya Kizungu na bei ya Kizungu. Kwenye maumivu tunatoa mgongo, tunatoa mti, tunatoa mpaka na mwani. Kinachobaki kwetu ni nini?

MAABARA IPO NUSU SAA KWA MIGUU

Wakubwa watasema nchi ni maskini, utaalamu hatuna. Hilo tunalikataa.

Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974. Mwaka 1991 kikapandishwa hadhi kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Mapema miaka ya 1980 Watanzania akina Mshiu na Mshigeni, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha orodha ya miti ya dawa ya Tanzania, ukoo kwa ukoo. Wakafuatia akina Chhabra na Mahunnah na miti ya mikoa ya mashariki. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake cha dawa za asili Mabibo. Mkemia Mkuu wa Serikali yupo. Mwaka 2002 Bunge likapitisha sheria ya tiba asili na tiba mbadala, ikazaa Baraza la kuwasajili waganga na dawa zao.

Kwa nchi ambayo mkoloni aliiachia sheria ya uchawi ya mwaka 1928, iliyowafanya waganga wengi wafiche mikoba yao uvunguni, hizo ni hatua. Tunawapongeza waliozipiga.

Lakini kutoka meza za mitishamba za Kariakoo hadi Muhimbili ni kama nusu saa kwa miguu. Unatokea Fire, unavuka Barabara ya Morogoro, unashika Umoja wa Mataifa, umefika. Kwa zaidi ya miaka 50 maabara na soko vimekuwa majirani. Sasa tuulize: wewe msomaji, ni lini ulikuta ukutani pale sokoni karatasi ya Kiswahili inayosema, "Mti huu umepimwa, unasaidia maumivu ya viungo, kipimo chake ni hiki, mjamzito asinywe"? Ni lini?

Elimu ipo. Imeandikwa kwa Kiingereza, imefungwa kwenye majarida ya nje ambayo hata mwanafunzi wetu hulipia kuyasoma. Mwenye mti hajui alichoambiwa mwenye kalamu.

WAKUBWA NA KIKOMBE

Msimseme mlalahoi kwamba anapenda njia za mkato. Hata vigogo wamo.

Mwaka 2011 Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, yule Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha mti wa mugariga kijijini Samunge kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilipimwa kwa kilomita. Waheshimiwa wakaja, wengine kwa helikopta, wakanywa, wakapigwa picha. Wapo wagonjwa waliotupa dawa zao za UKIMWI na za kisukari wakiamini wamepona. Wataalamu walipelekwa, tukaambiwa kikombe hakina sumu, na kwamba utafiti utafuata. Babu amefariki Julai 2021. Wapi kitabu cha matokeo, kwa Kiswahili, mikononi mwa wale waliokunywa?

Mwaka 2020 ikaja korona. Mwezi Mei ndege ya serikali ikatumwa Madagaska kuchukua dawa ya mitishamba ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema haijathibitishwa. Februari 2021 Wizara ya Afya ikawaita waandishi wa habari ikawaonyesha jinsi ya kusaga tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Hatuna ugomvi na tangawizi; tumeisifu hapo juu. Ugomvi wetu ni huu: kukiwa na hofu, mti unapandishwa ndege. Hofu ikiisha, mti unarudishwa kwenye vumbi la Kariakoo, na maabara inarudishwa kwenye foleni ya bajeti.

Huo si utafiti. Hizo ni ngonjera.

Wenzetu Ghana walijenga kituo chao cha utafiti wa dawa za miti pale Mampong mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya kitengo chetu, na kituo hicho kikawa kinapima dawa, kinatengeneza na kuwatibu wagonjwa mahali pamoja. China walianza kutafuta dawa ya malaria mwaka 1967. Mama Tu Youyou akaipata kwenye pakanga ya kwao baada ya kupekua vitabu vya kale na kubadili namna ya kukamua, akaacha moto akatumia ubaridi. Mwaka 2015 akapewa Nobel. Leo sisi tunameza mseto wenye dawa hiyo, na mti wenyewe umewahi kulimwa hapa hapa Arusha.

SUMU NDANI YA UNGA

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, maana ndiyo inayotufanya tuandike.

Mwaka 2022 wakaguzi wa dawa wa Marekani walitoa onyo juu ya bidhaa iitwayo Artri King, iliyouzwa kama dawa ya asili ya maungio. Walipoipima maabara wakakuta imechanganywa na diklofenaki na deksamethasoni, dawa kali za hospitali, bila kuandikwa kwenye chupa. Watu walikuwa wamekwishaumia ini, na wapo waliokufa.

Fikiri, msomaji. Kama hayo yametokea Marekani, kwenye wakaguzi na maabara kila kona, ni nani atakayetuapia kwamba hayawezi kutokea kwenye unga usio na lebo hapa kwetu? Hatumshutumu muuzaji yeyote. Wengi wao ni watu wa haki waliorithi kazi kwa babu zao. Lakini mwenye haki ndiye wa kwanza kuhitaji kipimo, maana bila kipimo yeye na tapeli wanakaa meza moja, wanauza bei moja, na mteja hawezi kuwatofautisha.

Diklofenaki ikinywewa bila hesabu hutoboa tumbo na kuua figo. Deksamethasoni humpa mtu nafuu ya ajabu kwa siku chache, anasema "mganga huyu kiboko," kisha uso unavimba kama mwezi, sukari inapanda, mifupa inalegea. Na akiiacha ghafla mwili unaweza kuzimika. Mpagazi anayeikuta ndani ya unga hajui ameinywa. Daktari naye hajui atibu nini.

KWA NINI WAGANGA WANAFICHA?

Wakubwa hupenda kulalamika kwamba waganga hawatoi siri zao. Watoe kwa mkataba gani?

Mganga akipeleka gome lake maabara, jina lake litaandikwa wapi? Kampuni ikitengeneza kidonge, mjukuu wake atapata nini? Wasani wa kusini mwa Afrika walikuwa wakitafuna mti wa hoodia kuzuia njaa. Watafiti wa Afrika Kusini wakauandikia hataza bila kuwauliza. Ikabidi kelele zipigwe mpaka mwaka 2003 ndipo mkataba wa kuwagawia ukatiwa saini. Waganga wetu hawakusoma habari hizo chuoni, lakini mtu mzima hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba kuna wezi mtaani.

TUNADAI HAYA

Kwanza, iwepo meza ya kupimia pale pale Kariakoo. Si lazima iwe jengo la kukatwa utepe. Mtaalamu mmoja wa Muhimbili na mmoja wa Mkemia Mkuu, siku moja kwa wiki, wapokee sampuli za dawa za maumivu na kutoa risiti.

Pili, uchunguzi wa kwanza, wa kutafuta sumu na dawa za hospitali zilizochanganywa kwa siri, ulipiwe na serikali na si na muuzaji anayeishi kwa mtaji wa siku. Huu ni ulinzi wa raia, kama ulivyo ukaguzi wa nyama.

Tatu, majibu yabandikwe ukutani kwa Kiswahili: mti gani, umepimwa kwa maji au kwa spiriti, kwa panya au kwa watu, umesaidia au haukusaidia. Mti ulioshindwa utajwe pia. Kuficha aliyeshindwa ni kumwibia mgonjwa.

Nne, mganga asaini mkataba kabla gome halijaingia maabara, na jina lake liwemo.

Tano, fedha za kazi hii ziwe na mstari wake kwenye bajeti, zisomwe bungeni, na mwakani waziri aulizwe zimepima miti mingapi.

NA WEWE MSOMAJI

Tusiwaachie wakubwa peke yao. Mwili ni wako. Kama unakunywa mitishamba ya maumivu, usichanganye na diklofenaki wala aspirini. Ukienda hospitali mwambie daktari umekunywa nini, hata kama atakununia. Tunza mfuko au chupa uliyouziwa. Ukiona dawa ya "asili" imekupa nafuu ya miujiza siku ile ile, kisha uso unavimba, mkojo unapungua au choo kinakuwa cheusi kama lami, usimrudie muuzaji: wahi hospitali, na chupa uende nayo. Mjamzito asinywe mti asioujua. Na goti lililovimba kwa joto na homa si la kuchua wala kuchemshia magome. Hilo ni la daktari, siku hiyo hiyo.

Wapagazi wa 1916 walibebeshwa mzigo bila kuulizwa na wakafa bila kuhesabiwa. Wajukuu zao hawawezi kuendelea kuwa panya wa majaribio ambao hata unyayo wao hakuna anayeupima. Panya wa maabara ana daftari lake. Mpagazi wa Kariakoo hana.

Muhimbili ni nusu saa kwa miguu. Tunasubiri kumwona atakayetembea.